Barua ya Shukrani, Nakala ya Nne

Ofisi imesema: ukurasa mmoja,
lugha ya adabu, na picha nikitabasamu.
Nakala ya kwanza niliandika "nashukuru" mara kumi na moja,
nikazihesabu kama mtu anayehesabu matone ya dripu,
nikaichana.
Ya pili ililia mno.
Ya tatu aliisoma Nakijwa, wa kitanda cha juu, akasema:
"Hii ni risala ya mgeni rasmi. Wewe uko wapi humu?"

Basi niko hapa.
Moshi, mwezi wa saba, baridi ya kugonganisha meno,
mlima umejifunika tangu Jumatatu
wala hakuna anayeudai maelezo.
Nimevaa sweta juu ya sare nyeupe
na viatu vya dada, kisigino kimeliwa upande wa kulia.

Sikujui.
Nimepewa jina la mfuko, si la mtu.
Sijui kama wewe ni mmoja au kikao kizima,
kama uliwahi kuuguzwa na msichana mwenye mikono ya baridi
ukamsamehe.

Mwaka jana, mtihani wa mifupa na misuli,
jina langu halikuwamo kwenye orodha ya mlangoni.
Wenzangu wakaingia. Nikabaki nje, kando ya mjakaranda,
nikasikia karatasi zikifunuliwa zote kwa pamoja
kama njiwa walioshtuliwa.
Mama alikuwa Kiboriloni akipanga mshare mafungu mafungu.
Kaka Elirehema alikuwa Arusha, kule Njiro,
akingoja zege ambalo lingekuwa ada yangu;
mvua ikanyesha wiki mbili, zege halikumwagwa.
Nilijibu maswali yote kimoyomoyo.
Hakuna aliyesahihisha.

Kisha Oktoba, karatasi ya mhasibu.
Anachodaiwa: sifuri.
Niliitazama ile sifuri mpaka yule mama wa dirishani
akauliza kama nina shida nyingine.
Nimeihifadhi ndani ya kitabu cha fiziolojia,
ukurasa wa figo, maana ndipo kilipofunguka.

Sasa nikuambie unalipia nini.
Unalipia saa kumi na moja alfajiri, wodi ya wanaume,
na mzee Ndetaulwa wa Kibosho, nyonga imevunjika,
aliyeanguka akiwakatia ng'ombe majani,
ambaye kwa siku tatu alikataa kuogeshwa nami:
"Umri wako ni wa mjukuu. Mjukuu haoni haya."
Siku ya nne akageukia ukutani,
akaniachia mgongo.
Maji yalikuwa vuguvugu, niliyapima kwa kiwiko.
Nikaosha polepole. Chini ya bega palikuwa na kovu la zamani,
sikuuliza.
Nilipomaliza kumkausha, akauambia ukuta:
"Aika."

Unaiona shida yangu?
Ada umelipa wewe, asante nimepewa mimi.
Nimetembea nayo mpaka hosteli
kama mtu aliyeokota pochi sokoni,
anaangalia nyuso, hajui amrudishie nani.

Nakijwa, anayesomea fiziotherapia, kaandika mistari mitatu tu:
"Jana mtoto wa wodi namba sita alisimama.
Alipiga hatua tatu, ya nne akaniangukia.
Naomba uzihesabu zote nne."
Orgenes wa ustawi wa jamii bado hajaandika kitu.
Amerudi jioni na matope hadi magotini,
alikuwa akitafuta nyumba ya bibi mmoja
anayelea wajukuu watano na hataki kusaidiwa.
Amelala na kalamu mkononi.
Tafadhali usimkate kwa kuchelewa.

Sitaandika kwamba sitakuangusha.
Nitaangusha vitu: juzi tu niliangusha trei nzima,
sista Aikande akanitazama bila kusema,
tukaokota wote wawili.

Nilichonacho ni hicho cha mzee Ndetaulwa.
Si changu, nakileta kwako kama kilivyo:
aika.

Picha nimeambatisha. Nilitoka zamu ya usiku
na mpiga picha alikuwa na haraka,
kwa hiyo tabasamu limekuja nusu.
Viatu havionekani.
Hivyo nitanunua Januari.